Jicho la Kioo na Amana ya Nyuso

Mtu anunuapo kamera yake ya kwanza ya DSLR, ile ambayo lenzi yake hufunguliwa na kubadilishwa kwa nyingine, huingia dukani akiwa na swali moja, nalo ni la bei. Lakini hutoka, ajue asijue, akiwa amekwisha kuyajibu maswali mawili ambayo wenye hekima wa mataifa mengi walikesha wakiyafikiri: ni kipi kinachostahili kutazamwa, na katika hicho kilichotazamwa, ni kipi kinachostahili kuhifadhiwa. La kwanza hujibiwa na lenzi, na la pili hujibiwa na kadi ya kumbukumbu. Muuzaji hayasemi haya, wala hatumlaumu, maana yeye huuza milimita na gigabaiti; ila mnunuzi mwenye dhamiri hana udhuru wa kuyapita, kwa sababu vitu hivi viwili, ambavyo vyote hutosha katika kiganja kimoja, vitamzoeza namna fulani ya kuwatazama viumbe wenziwe, na mazoea ya macho yakishakomaa ni taabu kuyaondoa.

Sina nia ya kurudi katika mabishano ya zamani juu ya uhalali wa picha yenyewe. Wanazuoni walihitilafiana, na wapo hata leo wanaojizuilia nayo, nao wana haki ya kuheshimiwa. Walakini Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri katika miaka ya Vita Vikuu vya Kwanza, aliandika risala ya kuijuzisha picha ya kamera kwa hoja kwamba mpigaji haumbi sura mpya bali hukizuia kivuli cha kilichokwisha kuumbwa, na hoja ya namna hiyo imewatuliza wengi. Linalonishughulisha mimi ni lile linalobaki baada ya ruhusa kupatikana. Jambo likiwa halali, bado tunaulizwa tulifanye vipi, kwa kiasi gani, na mbele ya nani. Na hapo ndipo sharia inapoiachia adabu nafasi yake.

Aliyetufungulia elimu ya jicho na nuru hakupata kushika kamera. Alikuwa Abu Ali al-Hasan bin al-Haytham, mzaliwa wa Basra katika karne ya kumi ya Miladi, aliyemalizia umri wake Misri yapata mwaka 1040. Katika kitabu chake cha elimu ya macho na nuru, Kitab al-Manazir, aliipinga rai ya baadhi ya wakubwa wa Kiyunani waliodhani kwamba jicho hutoa miali yake ikaenda kuvigusa vitu, akabainisha kwamba nuru ndiyo itokayo kwenye vitu ikalijia jicho. Na katika majaribio yake alitumia chumba cha giza chenye tundu, ambamo nuru za taa zilizopangwa nje ziliangukia ukutani kila moja mahali pake, bila ya moja kuiharibu nyingine. Jambo hili huonekana ni la fizikia tupu, lakini kwangu mimi lina uzito wa akhlaki. Ikiwa nuru hutoka kwa kitazamwacho, basi mwenye jicho ni mpokeaji, na mpokeaji ana wajibu kwa yule aliyempa. Kamera ya leo, pamoja na umeme na hesabu zake zote, ingali chumba kile kile cha giza. Na lenzi ndiyo iamuayo nuru ya nani ipokewe, kutoka umbali gani, na ya nani iachwe nje. Watu hudhani kuwa kila lenzi mpya huwazidishia kuona, ilhali kila lenzi, hata iliyo ghali, ni ahadi ya kuyaacha mengi: ile ipokeayo mandhari nzima huufanya uso wa mtu kuwa nukta, na ile ipokeayo uso huifuta mandhari. Achaguaye lenzi huchagua atakachokikosa, na zaidi ya hayo, huchagua atakaposimama mbele ya mwenziwe.

Kamera nyingi za wanaoanza huuzwa pamoja na lenzi ya milimita 18 hadi 55, ambayo tundu lake la nuru hufunguka mpaka f/3.5 lenzi ikiwa katika upana wake, na mpaka f/5.6 tu ikiwa imevutwa mwisho. Ni lenzi nyepesi, yenye manufaa, na aghalabu anayeidharau ni yule ambaye hajaitumia ya kutosha. Baada ya muda mwenye kamera huanza kutamani nyingine, na matamanio ya vijana wengi hukimbilia lenzi ya kuvuta mbali, ya milimita 55 hadi 250 au 70 hadi 300. Mpwa wangu alinijia na shauku hiyo. Baada ya shikamoo na marahaba, na habari za mama yake, aliuweka mkoba wake mkekani akaenda moja kwa moja kwenye haja yake.

“Mjomba, nataka kununua lenzi ya kuvuta.”

“Ukavute nini, mwanangu?”

“Watu. Nisimame mbali wasinione. Mtu akijua anapigwa picha, mjomba, uso wake hugeuka. Asipojua, ndipo ukweli wake unapoonekana.”

Hoja hii si ya kitoto, na nilimwambia hivyo. Ni kweli kwamba uso hubadilika unapojua kuwa unatazamwa. Bega hunyooka, mdomo hujifunga, mkono hukimbilia kuitengeneza kofia au kanga. Lakini kijana huyu alikuwa amechukulia, bila ya kupima, kwamba ukweli wa mtu ni ule alio nao akiwa peke yake, na kwamba uso anaomwelekezea mwenziwe ni wa kuazima. Hilo silikubali. Binadamu hakuumbwa aishi pweke, na sehemu kubwa ya hulka yake haidhihiriki mpaka amkabili mwingine: haya yake, ukarimu wake, subira yake, hata kiburi chake, vyote vinahitaji mtu wa pili ili vipate kuwako. Anayepigwa picha pasi na kujua ameonekana nusu tu, na nusu hiyo hakuitoa kwa hiari.

Sisi tuliolelewa mwambao tumefunzwa kwamba mlango ulio wazi si idhini ya kuingia. Mtu hupiga hodi akangoja. Akinyamaziwa hupiga ya pili, na ya tatu isipoitikiwa hurudi alikotoka bila ya kinyongo. Adabu hiyo ina asili katika Sura ya Nuru, ambayo imeamrisha kutaka idhini kabla ya kuingia nyumba za watu, na aya chache mbele yake ikawaamrisha waumini, wanaume na wanawake, kuyainamisha macho yao; wala siamini kwamba amri hizo mbili zilikaribiana kwa bahati, kwa kuwa jicho nalo huingia nyumbani mwa mtu, na uso wa mtu ni ukumbi wa nyumba yake. Lenzi ya milimita 300 mikononi mwa aliyejificha nyuma ya nguzo ni mgeni aliyekwisha kufika chumbani kabla sauti yake haijasikika mlangoni.

Atatokea wa kunikumbusha Henri Cartier-Bresson, Mfaransa aliyesifika kwa picha za watu wasiojipanga, na insafu inanilazimu nikiri kwamba hakuwa mtu wa kuomba idhini kila mara. Walakini sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya kwa lenzi ya milimita 50 juu ya kamera ndogo ya filamu, maana yake ni kwamba alikuwapo pale pale, njiani na watu, mahali ambapo yeyote angeweza kugeuka akamwuliza anafanya nini. Tofauti iliyopo kati yake na aliyejificha ni kubwa. Mmoja anaweza kuulizwa; mwingine hawezi. Katika kila jambo la kuwatazama watu, swali la kwanza kwangu ni hilo: je, mtazamwaji anayo nafasi ya kunijibu?

Lenzi ndefu ina mahali pake pa haki, na wala haifai kuikashifu. Ndovu wa Tarangire hahitaji hodi, anahitaji umbali; na ndege aliyelala juu ya mayai yake hufanyiwa hisani na lenzi ya milimita 300, maana mtu mwenye lenzi fupi angemfukuza akitafuta picha. Kadhalika mchezo wa mpira, ambao wachezaji wake wameingia uwanjani wakijua kwamba maelfu wanawatazama. Ila anayeanza, ambaye hatakwenda mbugani kila wiki, anaishi na watu, na jicho lake litafunzwa na watu.

Ndiyo maana nilimshauri mpwa wangu ainunue kwanza lenzi isiyovuta, ya milimita 50 na tundu la f/1.8, ambayo watengenezaji wakubwa kama Canon na Nikon huiuza kwa bei iliyo chini ya lenzi zao nyingi. Katika kamera za wanaoanza, kipande kipokeacho nuru ni kidogo kuliko fremu ya filamu ya zamani, kwa hiyo picha hutoka kana kwamba imekatwa pembezoni: zidisha kwa 1.6 katika Canon, au kwa 1.5 katika Nikon, nawe utaona kwamba milimita 50 hutazama kama 80 au 75. Anayeishi katika nyumba za vyumba vidogo atafaidika zaidi na ya milimita 35, ambayo kwa hesabu hiyo hutazama takriban kama 50 ya Cartier-Bresson. Lakini kwa nyuso ile ya 50 inatosha, na ili ujaze fremu kwa kichwa na mabega ya mtu utasimama hatua mbili tatu kutoka kwake, nao ndio umbali wa watu wawili wanaosalimiana. Huwezi kufika hapo bila ya kusema neno. Lenzi haikuvutii, miguu yako ndiyo itakayokupeleka, na ulimi wako ndio utakaokukaribisha.

Kisha ipo nuru. Tundu la f/1.8 huingiza nuru takriban mara kumi ya ile iingizwayo na f/5.6, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utaweza kupiga picha baada ya Isha katika chumba chenye taa moja, bila ya kuwamulika watu kwa flashi machoni na kuivunja hali yao. Lakini wingi wa nuru una ushuru wake. Mfikirie mzee anayeshona kofia kwa mkono barazani, Lamu, jua likiwa limeinama, nawe uko umbali wa mita moja umelifungua tundu lote. Kwa umbali huo sehemu iliyo kali katika picha haizidi sana sentimita 3 kwenda ndani. Ukiielekeza fokasi kwenye sindano, utauona uzi unavyopenya kitambaa na ukucha wake wa kidole gumba ulivyokwaruzika kwa kazi, lakini macho yake yatayeyuka kuwa ukungu. Ukiielekeza kwenye jicho, utahesabu kope zake, na ile kazi iliyomkalisha pale tangu asubuhi itakuwa doa jeupe. Waweza kulifunga tundu mpaka f/8 ukayapata mengi ya yote mawili, na hapo nuru itakuwa imepungua hadi sehemu moja ya ishirini hivi, nawe utalazimika kumwomba atulie. Hakuna marekebisho ya baadaye yatakayokuondolea ikhtiari hiyo. Je, mtu huyu kwako ni kazi yake au ni nafsi yake? Lenzi inakuuliza, na kidole chako kinajibu, na mzee mwenyewe, ukimwonyesha picha zote mbili, huenda akawa na rai ambayo hukuitazamia.

Kabla ya kulipa, kuna mambo ya kutazamwa kwa makini, nami nitayapitia upesi. Kamera ndogo za Nikon za namba za 3000 na 5000 hazina mota ya fokasi ndani yake, basi lenzi lazima iwe na mota yake, zile zilizoandikwa AF-S au AF-P. Lenzi za AF na AF-D za zamani zitaingia, lakini mkono ndio utakaozungusha fokasi. Lenzi za Canon zilizoandikwa EF-S hazifai kwa kamera kubwa za fremu kamili, hali zile za EF huingia kwenye kamera zote mbili. Na anayenunua ya mtumba katika miji yetu ya pwani achukue tochi: alifungue tundu, aimulike lenzi kwa nyuma na kuitazama kwa mbele, maana unyevunyevu wa bahari huotesha kuvu ndani ya vioo, nyuzi nyembamba mithili ya mizizi, na kuvu ikishaila ngozi ya kioo haitoki kwa kufuta.

Sasa nije kwenye kadi, ambayo watu huinunua mwisho, kwa chenji iliyobaki, ilhali kwangu mimi ndiyo yenye swali zito zaidi.

Inasimuliwa kwamba Imamu Ghazali, katika ujana wake, alipokuwa akirudi Tus kutoka Jurjan alikokwenda kusoma, msafara wao uliangukiwa na wanyang'anyi wakachukua kila kitu pamoja na daftari zake za masomo. Akawafuata kuwasihi wamrudishie daftari hizo tu, kwa kuwa kwao hazina manufaa. Mkubwa wao akacheka, akamwuliza vipi adai kuwa na elimu, na huku elimu yenyewe akinyang'anywa mfuko huondoka nayo. Wakamrudishia. Naye akaliona neno lile ni onyo alilopelekewa, akakaa miaka 3 akayahifadhi moyoni yote aliyokuwa ameyaandika. Kisa hiki hakisemi kwamba kuandika ni kubaya, maana mwenyewe aliendelea kuandika mpaka akatuachia vitabu ambavyo hadi leo tunavisoma. Kinasema kwamba kilichowekwa nje ya nafsi bado hakijawa chako.

Kadi ya SD ya gigabaiti 32 huchukua picha elfu moja hivi za faili ghafi kutoka kamera ya megapikseli 24, na za JPEG huchukua maelfu kadhaa. Mpiga picha wa filamu alikuwa na 36 katika mkanda mmoja, na kila moja ilimgharimu, kwa hiyo alitazama kabla ya kubonyeza. Sisi hubonyeza kwanza tukijiambia kwamba tutatazama baadaye, na baadaye hiyo, kwa walio wengi, haifiki. Faili hurundikana juu ya faili, harusi juu ya maziko, na mwenye nazo hajui alicho nacho. Dini yetu inafundisha kwamba wako malaika waandishi ambao halipotei kwao jambo dogo wala kubwa. Kuhifadhi kila kitu ni sifa yao, na wamepewa nguvu ya kuibeba. Mwanadamu amepewa kusahau, nako ni rehema, na amepewa kuchagua la kukumbuka, nako ni kazi. Anayenunua kadi kubwa ili asichague kamwe ameikimbia kazi hiyo.

Nawasikia wanaosema: vipi kuhusu waliofiwa na wazee wao bila ya kubakiwa na hata picha moja, je, wao hawangependa wingi? Jibu langu huwa ni Unguja. Katika studio ya Capital Art, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, watu wa tabaka mbalimbali walikwenda wakiwa wamevaa nguo zao nzuri, wakasimama, wakapigwa picha, nazo picha zile zimeudumisha mji ambao sehemu kubwa ya maisha yake imekwisha kubadilika. Aliyekwenda studio aghalabu aliachiwa picha chache mno, nyingine moja tu ya umri mzima. Lakini ilitundikwa ukutani, ikapewa jina la mwenyewe na mwaka, ikasimuliwa kwa wajukuu. Uchache wake haukuidhoofisha. Picha elfu za mtu mmoja zisizo na jina wala msimuliaji humfikisha kwa wajukuu akiwa mgeni.

Kwa sababu hizo nampendelea anayeanza kadi mbili za gigabaiti 32 kuliko moja ya 128. Moja ikiharibika, safari haipotei yote. Na ikijaa, inamlazimu akae, achambue, aamue. Kwa picha za kawaida alama ya daraja la 10 au U1 inatosha. Anayekusudia kuchukua video kubwa ndiye atafute U3 au V30, ambazo zimedhaminiwa kuandika megabaiti 30 kwa sekunde bila ya kushuka. Ajihadhari sana na kadi za uongo, maana zimeenea: ndani mna chembe ndogo ya gigabaiti chache, lakini imefundishwa kuiambia kamera kwamba ni ya 64 au 128. Kadi hiyo hupokea picha zote kwa utulivu, haikatai hata moja, na ikishafika mwisho wa uwezo wake huandika juu ya za mwanzo au huzitupa zile mpya, huku majina ya faili yakionekana yamepangwa vizuri. Njia ya kuigundua ni kuijaza yote kwa faili siku ya kwanza, kisha kuzisoma zote tena katika kompyuta, moja moja. Ni kazi ya saa chache, na ifanywe kabla ya kwenda kwenye arusi ya watu, kwa kuwa bibi arusi hapambwi mara ya pili kwa ajili ya mpiga picha.

Mwisho ni suala la kufuta, ambalo sijasikia likielezwa na muuzaji yeyote. Mtu akikwambia, “Tafadhali, nifutie picha yangu,” unawajibika kumtii, hata kama picha ni nzuri kuliko zote ulizopiga, maana alichokupa ni nuru ya uso wake na ana haki ya kuitaka. Lakini fahamu kwamba kamera ifutapo picha haiiondoi. Huiondoa katika orodha tu, na picha yenyewe hukaa mahali pake mpaka nyingine iandikwe juu yake, na programu za kurejesha faili huweza kuifufua. Kuumbiza kadi ndani ya kamera nako, kwa kawaida, hufanya vivyo hivyo. Basi ahadi uliyompa mtu yule haijatimia kwa kubonyeza kitufe mbele yake. Itatimia utakapoijaza kadi kwa picha nyingine toka mwanzo hadi mwisho, na kuhakikisha kwamba nakala haikuhamia kwenye simu au kompyuta yako. Mpwa wangu aliposikia haya aliniuliza afanyeje siku atakapoiuza kamera ili apate iliyo bora. Nikamwambia aiuze bila ya kadi, na mnunuzi akinung'unika, ampunguzie bei kwa thamani ya kadi mpya.